Sehemu ya Pili Ilichelewa

Neema mwanangu,

Soksi zako zimekauka, nimeziweka juu ya begi. Habari za nyumbani zinaishia hapo. Umeshakuwa mtu mzima, na kama hujui kuchemsha maji ya kunywa ukiwa Galula kwenye kazi yenu ya filamu, barua haitakufundisha. Nataka kukuandikia jambo jingine, ambalo nimelikalia tangu ulipokuwa darasa la pili, na ambalo leo asubuhi limeingia humu studio kwa miguu yake.

Saa hizi umevuka mpaka kwenda Nakonde kutafuta koti la mvua. Jioni utarudi, na ningeweza kukuambia kwa mdomo. Lakini tunajuana. Utaniuliza swali moja tu, kwa ile sauti yako ya upole, na mimi nitaanza kulia, au nitakufokea ili nisilie, na mambo yatabaki palepale. Kwa hiyo nimefunga mlango nusu, nimekaa kwenye kile kiti chenye mguu mbovu, nimechana karatasi kwenye daftari la wateja. Utaisoma kesho asubuhi kwenye basi, kabla hujafika Mbalizi.

Leo asubuhi alikuja kijana mmoja wa bodaboda kupiga picha za pasi. Mcheshi, mwenye adabu, kofia ameishika mkononi. Kwao ni Saza. Nilipokuwa nakata picha zake akanisogezea simu.

"Mama, cheki hii. Huyu dingi ndo anawamaliza wana kule machimboni."

Nikaangalia. Mzee amesimama mdomoni mwa shimo la dhahabu. Kamera iko chini kabisa, karibu na ardhi, inamtazama kuelekea juu. Taa ni tochi moja ya wachimbaji, imewekwa chini upande wa kushoto, kwa hiyo kinachoonekana ni kidevu, matundu ya pua na macho. Paji la uso limemezwa na giza. Mzee hasemi kitu. Anatazama tu, na picha haikatwi, bado haikatwi, mpaka unatamani kuiweka simu chini. Mwishoni yakatokea maandishi: Ni yeye?

Jina la mpiga picha halikuwapo, lakini mkono wako nimeujua. Na nikuambie ukweli, mwanangu, kwanza nilijivuna. Nilisema moyoni, huyu ni wangu, hii nimemfundisha mimi. Nilijivuna kwa muda ambao ungetosha kumeza mate. Kisha nikamwambia yule kijana, "Hicho ni kionjo cha filamu, baba. Huyo mzee anaigiza."

"Filamu wapi, mama! We angalia macho yake hayo. Mtu mwema ana macho hivyo? Jumamosi tunazama huko na wana, tukamuulize vizuri."

Aliyasema hayo akicheka, huku anajitazama kwenye kioo changu na kunyoosha kola. Mkasi ulinitoka mkononi.

Sasa nisikilize. Unamjua mama mkubwa Lusia kama yule mama wa Ileje ambaye haji Krismasi, ambaye hata kwenye jua kali havui kitambaa kichwani. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza kwa nini haji kwetu, nami nikakuambia vumbi la malori ya Tunduma linamkera kifua. Ulikuwa uongo. Kifua cha dada yangu hakina tatizo lolote. Kilichomkimbiza kutoka huku ni mimi, pamoja na kamera ile ya rangi ya fedha iliyo kwenye kabati, ambayo huwa nakukataza usiiuze kwa mafundi.

Wakati ule mkoa wetu bado ulikuwa Mbeya, na filamu zilikuwa zikiuzwa kwenye DVD. Unazikumbuka zile, kasha moja sehemu ya kwanza, kasha jingine sehemu ya pili. Mimi nilikuwa mpiga picha wa harusi na vipaimara, mwanamke pekee mwenye kamera ya video kutoka hapa mpaka Mlowo, na sikukosa majivuno. Akaja kijana mmoja mwongozaji, mwembamba, anayesoma sana, akasema amechoka na filamu za wapenzi kugombana sebuleni. Alitaka filamu ya kumfanya mtu ajitazame. Aliniambia kisa chake tukiwa tumesimama hapo mlangoni, na mpaka leo naona kilikuwa kisa kizuri.

Kilihusu mjane kwenye kijiji cha kahawa. Watoto wanaanza kufa mmoja baada ya mwingine, na kila mtu anamtazama yule mjane. Wewe unayeangalia nawe unamshuku, unamchukia, unasubiri akamatwe. Halafu mwishoni inajulikana kwamba watoto walikuwa wakinywa maji ya pipa lililowahi kubeba dawa ya kupulizia mibuni, na mwenye pipa ni mzee wa heshima ambaye alijua na akanyamaza. Mjane hana kosa. Wewe uliyemchukia unabaki umekaa na aibu yako. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yetu, na ilikuwa nia safi.

Mwigizaji aliyetakiwa kutoka Mbeya hakutokea. Nikasema, nina dada yangu juu kule Vwawa, ni mjane kweli, ana shamba la kahawa kweli, na uso wake kamera inaupenda. Lusia alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mwalimu wa watoto wa Jumapili kanisani, na mara ya mwisho alipoigiza alikuwa Mariamu, akasahau maneno, akamwambia malaika, "Karibu chai." Lakini nilimwomba. Nilimwambia, "Dada, ni siku nne tu, tena nitakuwa mimi nyuma ya kamera." Alikubali kwa sababu ya hayo maneno ya mwisho.

Nikueleze tulivyofanya, kwa sababu wewe utaelewa kuliko mtu mwingine yeyote. Wanakijiji wote niliwapiga mchana, kamera ikiwa usawa wa macho yao, wawili wawili, watatu watatu, wanaongea, wanachambua kahawa kwenye vichanja. Lusia nilimpiga peke yake. Hakuwahi kuwa kwenye picha moja na mtoto, ingawa watoto wa pale ndio waliokuwa wakimfundisha maneno yake. Kila alipotabasamu tulikata. Mikono yake hatukuionyesha ikifanya kazi, bali ikiwa imetulia tu. Nilichimba kishimo kidogo karibu na kichanja ili kamera ishuke zaidi, na koroboi nikaiweka chini kushoto kwake. Watu walioangalia filamu hawakuona lolote kati ya hayo. Waliona tu kwamba mwanamke huyu ana kitu.

Lakini kutisha kwenyewe Lusia hakukujua. Kila mwongozaji aliposema "anza", Lusia alitoa macho kwa namna ya mtu aliyekanyaga chura, na sisi sote tukacheka. Siku ya tatu ikaisha hivyo. Siku ya nne mwongozaji alikuwa amekata tamaa. Nikaenda kwa dada yangu, nikamnong'oneza sikioni, "Kumbuka siku shemeji zako walipokuja na kamba kupima shamba."

Wewe hukuwapo. Ilikuwa wiki moja baada ya kumzika mumewe. Walikuja ndugu wa marehemu, wanaume wanne, na kamba ya katani, wakaanza kupima mibuni yake bila hata kubisha hodi, na yeye akasimama mlangoni, asijue kama watamwachia hata jiko. Mimi nilikuwa pale nikaona. Nilijua mahali hasa pa kubonyeza.

Uso wake ulibadilika. Kila kitu kilitulia isipokuwa macho. Alitazama moja kwa moja ndani ya lenzi, na mimi nikahesabu moyoni mpaka ishirini bila kukata. Nilipozima kamera mwongozaji alinikumbatia. Alisema hajawahi kuona uigizaji wa namna ile. Lusia aliomba maji, akanywa vikombe viwili, akaenda kulala kabla ya jua kuzama. Sikumfuata.

Picha hiyo ndiyo iliyofunga sehemu ya kwanza. Mfanyabiashara aliyekuwa akisambaza alisema sehemu ya pili isubiri kidogo, ya kwanza iuzike kwanza, watu wapate kiu. Sikuona ubaya. Ndivyo kazi ilivyokuwa, kila mtu alifanya hivyo. Vibanda umiza vya kuonyeshea video, vya Tunduma na Vwawa, vilijaa. Watu walitoka wakisema, yule bibi, yule bibi! Jina lake kwenye filamu lilikuwa Bibi Sikitu, na haikuchukua muda watoto wa kijijini kwake wakaanza kumwita hivyo njiani. Mwanzoni alikuwa akiwaitikia na kuwatolea ulimi.

Kidogo kikawa msimu mzima. Kahawa ikachumwa, ikakauka, ikauzwa, na sehemu ya pili bado iko kwenye kompyuta ya mtu.

Katikati ya hapo mtoto wa jirani yake akaumwa tumbo na kuhara, akafariki. Lusia alikwenda msibani na sufuria ya maharage, kama anavyokwenda mtu yeyote. Alinipigia simu jioni yake. Alisema wanawake walisogea, akapata mkeka mzima peke yake. Alisema maharage yamerudi kama yalivyokwenda, wala kijiko hakikuingia. Alijaribu kulisema kwa kucheka. "Mdogo wangu," akasema, "huyu Sikitu wako anakula chakula changu."

Nikamwambia, "Vumilia dada. Sehemu ya pili inakuja, wataona haya."

Nilimwambia hivyo mara ngapi? Watoto wa darasa lake la Jumapili walipoacha kuja, nilimwambia hivyo. Fundi alipokataa kupanda juu ya bati lake, nilimwambia hivyo. Sikwenda hata siku moja kusimama mbele ya watu na kusema, huyu ni dada yangu, nilimwekea koroboi chini ya kidevu, njooni niwaonyeshe. Niliona aibu kidogo, na pia, nikiri, nilipenda kwamba watu wanaamini. Mpiga picha akiambiwa picha yake imemtisha mtu, anafurahi. Usikatae, leo asubuhi na mimi nimefurahi tena.

Kisha wakaja rambaramba. Umewasikia, wale waganga ambao kijiji huwaita ili wawatoe wachawi hadharani, wanapita nyumba kwa nyumba na ngoma, wanawanyoa watu na kuchimbua milango yao. Mwenyekiti wa kijiji alinipigia akitaka nije nirekodi, iwe kumbukumbu. Na mimi nilikwenda. Kwa miaka yote nimejiambia kwamba sikujua. Nilijua. Jina la Lusia lilikuwa limeshazunguka mpaka hapa stendi. Nilijidanganya kwamba wakiniona na kamera watajizuia.

Walipanga watu uwanjani, mchana kweupe. Watu walikuwa wengi, wananizuia, kwa hiyo nikafanya kama nilivyozoea kwenye harusi, nikapiga goti, nikapata nafasi kati ya miguu ya watu. Mganga alizunguka mara mbili. Kisha akamshika dada yangu mkono na kumvuta katikati.

Lusia hakupiga kelele. Alinitafuta kwa macho. Aliponiona pale chini alinitazama moja kwa moja, ndani ya lenzi, na uso wake ukawa uleule. Uleule, Neema. Kila kitu kimetulia isipokuwa macho. Na watu wakalipuka, "Sikitu! Si mnaona? Sikitu huyo!"

Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nimepiga siku ile kwenye kichanja. Haikuwa sura ya mtu mbaya. Ilikuwa hofu. Mtu mwenye hofu kubwa hatulii vile kwa hila, anatulia kwa sababu hana pa kwenda. Ukimpiga kwa mbele, usawa wa macho, utamhurumia. Ukishuka chini ya kidevu chake ukamwekea mwanga wa kando, hofu ileile inageuka uovu, na hakuna atakayejua kwamba ulibadilisha chochote.

Nilijua hayo yote kwa mara moja. Na unajua nilifanya nini? Picha ilikuwa imeanza kufifia kwa sababu walimsogeza. Nilirekebisha fokasi.

Sikusimama. Sikusema jina lake. Kidole changu kilizungusha lenzi mpaka uso wake ukawa safi, kwa sababu ndivyo kidole kilivyozoea. Walimnyoa kwa wembe mkavu, na mkono wa mnyoaji haukuwa na haraka wala huruma. Kovu ndilo lile analolifunika kwa kitambaa. Walichimba mlangoni kwake wakatoa chupa, ambayo kila mtu aliona mganga akiwa nayo kwenye mkoba. Siku mbili baadaye tulikuta mibuni yake imekatwa yote, mmoja mmoja, kwa utulivu, na mtu aliyechukua muda wake. Bintiye aliyeolewa Ileje akaja kumchukua. Alipopanda kwenye gari dada yangu hakunitukana. Aliniuliza tu, "Ile kamera ilikuwa inawaka?"

Nikamwambia ndiyo.

Sehemu ya pili ilitoka baada ya Pasaka. Nilikwenda kukaa nyuma kabisa kwenye kibanda pale Vwawa nikaiangalia na watu. Walilia. Ulipofika wakati wa pipa kugunduliwa, kibanda kizima kilisema "Kumbe!" Filamu ilifanya kazi yake kama tulivyotaka. Tulipokuwa tukitoka mama mmoja wa kijijini kwetu, ambaye nilimpigia picha harusi yake, alikuwa akifuta macho na khanga. Akamwambia mwenzake, "Yule wa kwenye filamu alionewa, maskini. Wa kwetu ndiye alikuwa mchawi kweli."

Tangu siku hiyo sijapiga filamu. Nimekuwa mama wa picha za pasi. Umenitania sana, wewe na wenzako, kwamba mama yangu ana picha moja tu duniani: kaa wima, tazama mbele, usicheke, asante, njoo mwingine. Sikuwahi kukujibu. Kamera yangu inakaa usawa wa macho ya mtu, ukuta nyuma yake ni mweupe, taa ni mbili, moja kila upande. Mzambia, Mnyiha, tajiri wa malori, mwizi wa kuku, wote nawapiga hivyo. Ni picha mbaya, najua. Lakini hakuna mtu aliyewahi kukatiwa mibuni kwa sababu yake.

Kosa langu la pili ni wewe. Ulikuwa na miaka kumi na nne uliponiuliza kwa nini watu wa kwenye filamu huonekana wakubwa kuliko watu. Nikatoa kamera ya fedha kabatini, nikakusimamisha uani, nikalala chini nikakupiga, kisha nikakuonyesha. Ulifurahi! Nikakufundisha koroboi ya kando, nikakufundisha kusubiri usikate mapema. Nilikupa kisu chote isipokuwa habari ya yule niliyemkata nacho. Nilitaka unione mjuzi.

Muswada wenu uliuacha juu ya cherehani, nimeusoma wote mchana huu. Aliyeuandika ana akili. Mzee anashukiwa kuwatoa vijana kafara ili dhahabu itoke, na mwishoni tunagundua kwamba ndiye aliyekuwa akiwazuia wasishuke kwenye mashimo mabovu, na anayewashusha ni mwenye mtaji anayempenda kila mtu. Ningelipa kuiangalia. Lakini nimeona ni vipande sita, kimoja kila Ijumaa, kwenye simu. Nimeona kipande cha kwanza kitatoka kabla hamjapiga cha mwisho. Nimeona kila kipande kinaishia kwenye uso wake, na mzee ukweli wake hauonekani mpaka cha sita. Sisi tulikuwa na sehemu mbili tu, mwanangu.

Nilimpigia bosi wenu, namba nimeikuta kwenye jalada la muswada. Nilimwomba akitoe hicho kionjo. Alinisikiliza vizuri, ni kijana mwenye heshima. Akasema, "Mama, watu wakishaanza kubishana kama ni kweli, hapo ndipo biashara inapoanza." Akaniahidi mzee atafaidi, atakuwa maarufu.

Sikukatazi kwenda. Ningekukataza ungekwenda kwa hasira, na mtu mwenye hasira haoni vizuri. Nenda, tena uwahi. Wewe unafika Galula kwa mzee kesho, wale wa bodaboda wanakwenda Jumamosi. Una siku moja ambayo mimi sikuwa nayo, au nilikuwa nayo nikaitumia kusubiri.

Sijui kama yanatosha haya ninayokuambia, lakini nayasema. Usianze na shimo. Mpige mzee akiwa na watu, akicheka, akimenya muhogo, mikono yake ionekane ina kazi. Ipandishe kamera ifike kwenye macho yake. Picha hiyo uirushe kesho hiyohiyo, naye mwenyewe aseme kwa mdomo wake kwamba anaigiza, na ionyeshe kwa majirani zake kabla mtu wa Tunduma hajaiona. Filamu nzima ionyesheni pale kijijini kwa mkupuo mmoja kabla kipande chochote hakijaingia kwenye simu. Bosi akikataa, iweke kamera chini. Inawezekana kuiweka chini, ina mkanda wa kushikia na sehemu bapa ya kusimamia. Mimi nilikuwa nayo miaka mingi sikulijua hilo.

Na jambo moja zaidi. Ile dakika ambapo uso wake ulitulia, kwenye kile kionjo, wewe ulimnong'oneza nini? Maana mzee wa watu hatulii hivyo bure. Kuna mahali ulibonyeza. Nenda ukamwombe radhi kwa hapo kwanza.

Baada ya bosi wako nilimpigia Lusia. Huwa tunasalimiana sikukuu tu, maneno mawili, matatu. Leo nilimweleza yote, kazi yako, kionjo, kijana wa bodaboda. Nilisikia kuku wake kwenye simu. Nilidhani atanilaani. Akaniuliza, "Huyo mzee anaitwa nani?"

Nikamtajia jina.

"Hilo ni la kwenye filamu," akasema. "Jina lake."

Nikatafuta kwenye muswada, halimo. Nikafungua daftari lako, unisamehe, umeandika lenzi, umeandika tochi kushoto, umeandika saa ya jua, na popote alipo umemwandika kwa jina la kuigiza. Nikatoka mpaka kijiweni kumuuliza yule kijana na wenzake. Wote wanamjua. Wote wakanitajia lilelile, na mmoja akalitema na mate.

Nilirudi kwenye simu nikamwambia dada sijalipata. Akasema, "Basi mwambie huyo mtoto akaliulize. Pale uwanjani nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu aite Lusia."

Picha za yule kijana ziko hapa mezani, nne, nimeshazikata. Amesema atazipitia Jumapili akitoka huko. Ana sura nzuri, imenyooka, macho yametulia, kola imekaa sawa. Ukiitazama huwezi kumdhania lolote.

Ukishuka Galula kesho usifungue mfuko wa kamera. Muulize mzee jina lake, lile alilopewa na mama yake, ulitamke mbele ya watu, kwa sauti. Kisha nipigie uniambie na mimi, nikamwambie Lusia. Sitafunga studio mpaka simu iite.

Mama yako